KINGA YA MWILI HAIUZWI KWENYE KOPO

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu. Si kwamba nilikosa la kuandika. Nilikuwa nalo moja, ila lilikuwa linanihusu mimi mwenyewe, na mnajua waandishi wa habari tulivyo hodari wa kuandika makosa ya watu wengine.

Lilianza Jumapili mchana. Nipo geto Sinza, nafua, simu ikaita. Shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Ile makala yako nimeisoma. Nimeikata na kuibandika ukutani. Sasa nilitaka kukuuliza, yale makopo mtu anatumia mangapi mpaka kinga irudi?"

Nikauliza makala gani. Akanitajia kichwa cha habari. Nikakaa chini kwenye ndoo.

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa njema: "Zile za kliniki nimezipumzisha kwanza. Leo siku ya kumi na tisa. Sikutaka mwili uchanganyikiwe."

Shangazi yangu anaishi na VVU tangu mwaka 2009. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema andika baba, ila jina langu liache. Kwa miaka yote hiyo ARV zimemweka vizuri, analima bustani yake, anauza mboga, anatusomesha sisi wote kwa maneno. Sasa alikuwa ameziacha, na moja ya sababu ni karatasi iliyobandikwa ukutani kwake ikiwa na jina langu.

Niseme ilivyokuwa. Miezi minne kabla ya simu ile, mtu wa matangazo pale kazini alinipa kijitabu kinachong'aa cha wauza virutubisho. Mteja amelipia ukurasa, andika maneno mia nane, fanya isomeke kama habari. Nilitumia saa moja na nusu. Jina langu likawekwa juu, neno "tangazo" halikuwekwa popote. Juzi nimeisoma tena na kuhesabu: "huongeza kinga ya mwili" nimeiandika mara kumi na moja. Nilijilinda kwa ujanja wetu ule wa kila siku, "inaelezwa kuwa", "wataalamu wanasema". Wataalamu gani? Kijitabu.

Kwa hiyo wiki hizi tatu nimerudi darasani. Biolojia yangu iliishia kidato cha nne, basi nimesoma, na nimewasumbua madaktari wawili ninaofahamiana nao mpaka wameanza kutopokea simu. Hiki ndicho nilichopaswa kujua kabla sijaandika hata mstari mmoja.

Kinga yenyewe ni nini? Tulipokuwa shule ya msingi tuliambiwa chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Si vibaya, lakini picha hiyo ndiyo inayowapa wauzaji mlango. Kama ni askari, basi tukiongeza askari tunakuwa salama zaidi, au siyo? Twende taratibu.

Kwanza kuna kuta. Ngozi, ute wa puani na kooni, tindikali ya tumboni. Vijidudu vingi huishia hapo na wewe hata hujui. Vikipenya, huja kundi la kwanza la chembe nyeupe. Hawa hawabagui sana, wakiona kitu kigeni wanakimeza. Ndio wanaoleta wekundu, joto na uvimbe kwenye kidonda. Ule usaha unaoukamua, sehemu yake kubwa ni maiti za chembe hizo. Nyingi huishi muda mfupi sana, na uboho wa mifupa hutengeneza nyingine kwa mabilioni kila siku.

Kundi la pili huchelewa siku kadhaa, lakini lina shabaha. Kuna chembe B, zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui mmoja maalumu kama ufunguo na kufuli lake. Kuna chembe T, ambazo baadhi huua seli zilizokwisha kuingiliwa na virusi, na nyingine kazi yake ni kuratibu, kuwaambia wengine nani apigwe na lini. Hizo za kuratibu ndizo CD4, zile zile ambazo VVU huzishambulia. Ndiyo maana mtu mwenye UKIMWI hafi kwa VVU moja kwa moja. Anakufa kwa kifua kikuu, kwa homa ya mapafu, kwa magonjwa ambayo mwili wenye uratibu ungeyamudu. Vita vikiisha, baadhi ya chembe hubaki na kumbukumbu. Aliyeugua surua kwa kawaida haugui tena kwa sababu hiyo, na chanjo hufanya kazi kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna kundi ambalo vijitabu vya rangi havilitaji kabisa. Kuna chembe ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Kinga isiyojua kunyamaza ni ugonjwa. Mzio wa karanga ni kinga iliyokasirikia chakula. Baridi yabisi inayokunja vidole vya bibi ni kinga inayoshambulia viungo vyake. Lupus ni hivyo hivyo, na kisukari cha aina ya kwanza pia. Aliyepandikizwa figo anameza dawa kila siku za kuishusha kinga yake, ili isiikatae figo aliyopewa na ndugu yake.

Sasa mtu akikuambia kopo lake linaongeza kinga, muulize: ipi? Ya kumeza, ya kuratibu, ya kukumbuka, au ya kutuliza? Kinga si tangi la bodaboda kwamba unafungua kifuniko, unachungulia, unajazia. Ni kama familia kubwa yenye mgawanyo wa kazi, na usalama wake unatokana na kila mmoja kufanya ya kwake na kujua pa kukomea.

Je, chakula hakihusiki? Kinahusika sana, na hapa ndipo uongo mzuri unapopata mizizi, kwa sababu unapandwa kwenye ukweli. Chembe zote hizo zinajengwa kwa protini, vitamini A, C, D, madini ya zinki, chuma na vingine. Mtu asiyevipata kinga yake inayumba kweli. Ndiyo maana watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana WHO na UNICEF tangu mwaka 2004 wanashauri mtoto anayeharisha apewe vidonge vya zinki pamoja na ORS. Hivyo ni virutubisho, na vimeokoa watoto wengi.

Lakini tazama vinavyofanya kazi. Vinaziba pengo lililopo. Mama zetu wanalijua hili jikoni. Mboga isiyo na chumvi ukitia kijiko inakolea. Iliyokwisha kukolea, ukitia kijiko kingine huiongezi utamu, unaiharibu. Na mtu anayekuuzia chumvi bila kuonja mboga yako, anachojali ni kuuza chumvi.

Mnataka mfano? Upo hapa hapa nyumbani, Pemba. Watafiti waliwapa watoto wadogo nyongeza ya madini ya chuma na asidi ya foliki. Ilikuwa nia njema, maana upungufu wa damu kwa watoto wetu ni tatizo la kweli. Utafiti ulihusisha watoto zaidi ya 24,000. Mwezi Agosti 2003 makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa watoto hao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na chuma cha ziada hakikumfaidisha mtoto peke yake. Vijidudu navyo vinakihitaji ili viongezeke. Ila katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Chuma kilekile, kisiwa kilekile. Mwenye pengo kilimsaidia, asiye na pengo kilimweka hatarini. Baada ya hapo WHO ilirekebisha ushauri wake: penye malaria, chuma kiende sambamba na kuzuia na kutibu malaria.

Mfano wa pili ndio ulioninyima usingizi, kwa sababu ulitajwa kwenye kijitabu kile, na mimi nikaunakili. Kijitabu kilisema "utafiti uliofanyika Dar es Salaam umethibitisha kuwa vitamini huzuia UKIMWI". Utafiti huo upo. Kati ya mwaka 1995 na 1997, wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU waliandikishwa hapa Dar. Matokeo ya mwaka 2004 yalionyesha kuwa waliopewa vitamini B, C na E walikwenda polepole zaidi kuelekea UKIMWI au kifo: karibu asilimia 25 walifikia huko, ikilinganishwa na asilimia 31 ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Ni tofauti ya maana. Lakini kumbukeni ni miaka gani. ARV kwa mwananchi wa kawaida hazikuwepo. Ilikuwa vitamini au hakuna kitu. Na hata kwa vitamini, mwanamke mmoja kati ya wanne alifika kule kule.

Kilichonitoa jasho ni kwamba hadithi haikuishia hapo. ARV zilipokuja, utafiti mwingine ulifanyika, Dar hiyo hiyo, kwa watu wazima 3,418 walioanza dawa. Nusu walipewa vitamini kwa dozi kubwa, nusu dozi ya kawaida. Mwaka 2009 ulisimamishwa mapema, kwa sababu dozi kubwa ilionekana kupandisha vipimo vinavyoashiria madhara kwenye ini. Matokeo yalitoka mwaka 2012: dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuendelea kwa ugonjwa. Kijitabu kilinukuu utafiti wa kwanza na kuuficha wa pili. Mimi ningeutafuta ningeupata kwa dakika tano. Sikuutafuta.

Na sikuwa wa kwanza kutumika hivyo. Mwaka 2005 Matthias Rath, daktari wa Kijerumani anayeuza vitamini, alitumia utafiti ule ule wa Dar kwenye matangazo yake, akiwaambia watu kuwa vitamini ndiyo njia na ARV ni sumu. Watafiti wenyewe, wa Harvard, walitoa tamko la kumkana. Alikuwa akifanya biashara hiyo Afrika Kusini, wakati ambapo waziri wa afya wa huko, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa akisifia kitunguu saumu, malimau na viazi sukari vyekundu kwa wagonjwa wa UKIMWI. Juni 2008 Mahakama Kuu ya Cape ilitamka kuwa majaribio ya Rath kwa wagonjwa hayakuwa halali na ikayazuia matangazo yake. Mwaka huo huo watafiti wa Harvard walikadiria kuwa kuchelewesha ARV Afrika Kusini kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Hapo ndipo neno "kuongeza kinga" linapoweza kufika likipata wenye madaraka na wenye kalamu wa kulibeba.

Kuna mtu ananiambia, acha kutisha watu, mafua tu je? Haya, tuongelee mafua. Vitamini C kwa mafua ilipata umaarufu tangu mwaka 1970, pale Linus Pauling, mshindi wa tuzo mbili za Nobel, alipoiandikia kitabu. Tafiti nyingi zimefanyika tangu hapo. Zilipokusanywa pamoja mwaka 2013, ikaonekana kwamba kwa watu wa kawaida kuimeza kila siku hakuzuii mafua. Inafupisha siku za kuugua kwa kiasi kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Mafua ya siku saba yanapungua kwa nusu siku hivi. Waliofaidika zaidi ni wakimbiaji wa marathoni na askari kwenye mazoezi makali ya baridi. Wewe wa daladala ya Mbagala, chungwa linakutosha. Mwaka 2020 tulivyokunywa tangawizi na malimau mnakumbuka wenyewe. Hainipi shida, ni chai nzuri. Shida inaanza pale kikombe kinapochukua nafasi ya dawa.

Na hata asiyeacha dawa hayuko salama sana na makopo haya. ARV wanayotumia watu wengi nchini sasa ina dolutegravir ndani yake. Madini kama kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu, ukiyameza pamoja nayo, huweza kuishika tumboni ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Ndiyo maana mtaalamu wa kliniki anapaswa kujua kila unachomeza, ili akupangie saa. Niligeuza lile kopo la shangazi kusoma lebo: kalsiamu, chuma, zinki, magnesiamu. Yote manne. Kopo lililouzwa kumwongezea kinga lingeweza kuidhoofisha dawa inayoilinda kinga hiyo.

Sasa nisije nikajifanya mwerevu. Nilipomuuliza shangazi kwa nini alimwamini yule muuzaji kuliko kliniki, alinijibu jambo ambalo sina majibu nalo. "Yule dada alikaa hapa kwenye mkeka wangu dakika arobaini akinisikiliza. Kliniki nafika saa kumi na mbili asubuhi, naondoka saa saba, na naulizwa swali moja: dawa umemaliza?" Halafu akaongeza: "Nimemeza dawa miaka mingi baba. Kuna siku mtu unachoka. Nilitaka kitu cha kunipa moyo kwamba itakwisha."

Kwa hiyo tusiwacheke watu kama shangazi. Si wajinga. Wanauziwa matumaini na usikivu, vitu ambavyo kwenye foleni zetu vimekuwa adimu. Na wauzaji wengi ni vijana wenzetu wenye digrii waliokosa ajira, wameingizwa kwenye mtandao wa biashara, wameambiwa nunua makopo ya kwanza kwa mkopo halafu tafuta watu chini yako. Wengine wanaamini wanachokisema. Ninyi mnaosoma hapa mna rafiki mmoja angalau. Mimi ninao wawili.

Lakini kuamini hakubadilishi kilicho ndani ya kopo. Msimamo wangu ni huu. Mtu yeyote, muuzaji au mwandishi, asitumie maneno "huongeza kinga" mpaka aweze kujibu maswali matatu. Moja, ni upungufu gani hasa unaozibwa, na nani amempima mnunuzi kuwa anao? Mbili, je, kimejaribiwa kwa watu wanaofanana na mnunuzi, wenye hali yake na dawa zake, na matokeo yote yamesemwa, mazuri na mabaya? Tatu, kinachukua nafasi ya nini? Dawa, chanjo, au ile hela ya mayai na maharage? Maana shangazi alikuwa akitoa shilingi 95,000 kwa kopo la mwezi. Kwa mwezi mzima wa biashara ya mchicha, fedha hiyo ni chakula cha nyumba. Ukitaka kweli kumsaidia kinga yake, ungemwachia hela hiyo mfukoni.

Na kwetu wa vyumba vya habari: ukurasa ukilipiwa, uandikwe TANGAZO kwa herufi ambazo shangazi anaziona bila miwani. Tusikodishe majina yetu. Msomaji haamini kijitabu, anakiamini kwa sababu mwandishi anayemjua amekipitisha.

Kimetokea nini baadaye? Jumatatu ile niliomba ruhusa kazini, nikaenda naye kliniki. Nilitegemea agombezwe. Muuguzi alimshika mkono, akasema mama, umerudi, ndiyo muhimu. Kisha akatuambia tusichokuwa tunakijua wote wawili: dawa zikiachwa, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache tu, hata kama mtu anajisikia mzima. Amerudishwa kwenye dawa na amepangiwa kipimo cha wingi wa virusi. Hatujapata majibu bado. Nampigia kila saa tatu usiku kumkumbusha, naye ananijibu kwa kuchoka, "nimemeza, mwandishi". Ameacha kuniita baba.

Kazini nimeomba tuandike masahihisho ukurasa ule ule. Nimeambiwa suala litaangaliwa. Mteja bado anatangaza.

Basi masahihisho yangu ni haya, hapa, kwa jina langu. Makala ile niliiandika mimi. Sikuhakiki. Haikuwa habari, lilikuwa tangazo. Kama na wewe uliikata ukaibandika ukutani, au ulimsomea mama yako, tafadhali ibandue, na umwambie kilichokosekana. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu amepumzisha dawa zake kwa ajili ya kopo, usisubiri Jumapili. Mpigie leo.

Nawasilisha.